Kabla hujafungua tawi la pili la mgahawa wa Kithai

Mgahawa mmoja wa Kithai unaweza kubebwa na mkono wa mpishi mmoja. Miwili haibebeki hivyo. Kwa hiyo kabla hujaanza kuzunguka Masaki, Dar es Salaam, kutafuta fremu ya pili, tafuta jiko la kusagia, popote penye maji, umeme wa uhakika na kodi nafuu. Mteja hatafika huko. Humo ndimo zitakamotoka rojo zote za kari (viungo vibichi vilivyosagwa pamoja), maji ya ukwaju na sosi. Matawi kazi yao kupika tu.

Rojo ina utaratibu wake. Pilipili na chumvi hutangulia kinuni, maana chumvi ndiyo inayosugua. Hufuata vile vigumu: mchaichai uliokatwa vyembamba, galanga (mzizi wa jamii ya tangawizi), ganda la ndimu ya makrut (ndimu ya Kithai yenye ganda la makunyanzi), mizizi ya giligilani. Vitunguu saumu na vitunguu vidogo vyekundu vina majimaji, basi vingoje nyuma, na uduvi uliochachushwa uje mwisho kabisa. Mashine ruksa, mimi si mshabiki wa kinu. Ila ikigoma kuzunguka, ongeza mafuta kidogo, usiongeze maji. Rojo yenye maji haikaangiki, inachemka.

Mpishi wetu ni mama wa Bangkok anayepima kwa kiganja, na ukimwambia apime kwa kijiko ananuna. Dawa yake: weka mzani chini ya bakuli lake, mwache atupie anavyojua, wewe andika gramu. Fanya hivyo mara kadhaa, maana hata kiganja kina siku zake. Kisha gandisha rojo katika mifuko ya uzito mmoja, yenye tarehe.

Kwenye malighafi, pwani imetupendelea: nazi, ukwaju, mchaichai, papai bichi na pilipili kichaa vyote vipo sokoni. Tui likamuliwe asubuhi. Kaanga kasimile mpaka mafuta yajitenge, ndipo uingize rojo, na tui jepesi lifuate. Makopo mengi yana kitu cha kuzuia mafuta yasijitenge, utakoroga hadi uchoke. Majani ya makrut hayana mbadala. Panda miche yako, hata kwenye pipa inakua. Mrehani wa Kisutu unafaa kari ya kijani, lakini pad kra pao, nyama ya kukaanga na majani ya mrehani, inataka tulsi, ule mmea ambao Wahindi wa Upanga huotesha nyumbani. Sosi ya samaki lazima uagize. Chagua chapa moja ubaki nayo, maana chumvi yake hutofautiana mno.

Nguruwe? Sisi hatumpiki, na hakuna aliyetuambia chakula si cha Kithai. Kusini mwa Thailand kuna Waislamu wengi, na kari ya massaman, yenye iliki, mdalasini na karafuu, mtu wa Unguja haimpi shida hata kidogo.

Tawi lenyewe lihesabie mafiga ya gesi kabla ya viti. Pad thai, tambi za mchele za kukaanga, hupikwa sahani moja au mbili kwa karai, moto mkali. Ukijaza sita, tambi zinatoa maji na kushikana. Menyu iwe fupi ili karai zitoshe.

Wizara ya Biashara ya Thailand hutoa alama ya Thai SELECT kwa migahawa ya nje inayopika ipasavyo. Iombe, inasaidia kwa watalii, lakini usiiombe kabla matawi yako hayajafanana.

Kufanana kunapimwa hivi. Tawi jipya linapoanza, kila asubuhi kabla ya kufungua dereva alete bakuli la tom yum, supu ya ndimu na pilipili, kutoka tawi la kwanza. Yaweke mawili mezani bila alama, mhudumu asiyejua lipi la wapi aonje. Akiyatofautisha, anza na ndimu: mara nyingi kuna mtu ameikamulia sufuriani moto ukiwa bado unawaka, badala ya kungoja uzimwe.