Jinsi ya Kuboresha Kisa Kilichochapishwa Kabla ya Kukiendesha Mezani

Anayenunua kisa kilichochapishwa kwa ajili ya mchezo wa kuigiza wahusika, kama vile Dungeons & Dragons, aghalabu hudhani kwamba kazi ya utunzi imekwisha na kwamba kilichobaki ni kusoma na kuendesha, yaani kuwasimulia wachezaji walioketi mezani kisa hicho na kuamua matokeo ya wanayoyatenda wahusika wao. Visa vingi haviko hivyo. Tomb of Horrors, kwa mfano, kilichapishwa mwaka 1978, lakini kilikuwa kimekwisha kuchezwa katika mashindano ya mwaka 1975, na ukali wa mitego yake unaeleweka zaidi ukikumbuka kwamba kilikusudiwa kuwapima wachezaji kwa muda mfupi, si kubeba kampeni, yaani mfululizo wa vikao vya mchezo unaoendelea kwa miezi kadhaa.

Kisome kisa chote hadi mwisho bila kugusa kalamu. Katika usomaji wa pili, andika adui mkuu anataka nini na angefanya nini iwapo wachezaji wasingetokea kabisa. Swali hilo la pili likikosa jibu, umeshaupata udhaifu wa kwanza, kwa maana adui anayeketi katika chumba cha mwisho akingoja kuuawa hana tofauti na fanicha. Mpangie hatua chache atakazozichukua siku baada ya siku, ili wachezaji wakichelewa, ucheleweshaji wao uwe na gharama.

Kazi kubwa, hata hivyo, iko kwenye habari. Katika kila tukio jiulize wachezaji watajuaje pa kwenda baadaye. Tuseme mgodi uliofichwa unatajwa katika barua moja tu, iliyomo kwenye droo ya siri ya mfanyabiashara, na droo yenyewe huonekana kwa yule tu aliyerusha dadu na kupata namba ya kutosha. Dadu zikikataa, kisa kimekwama. Usiiondoe droo, ongeza njia nyingine mbili zisizofanana nayo, kama vile mpagazi aliyepeleka magunia huko na bado anadai ujira wake, na tope jekundu lililoganda kwenye magurudumu ya mkokoteni. Kisha iongezee barua jambo ambalo mpagazi halijui, labda neno la siri la walinzi, ili aliyeipata asione kwamba bahati yake imepotea bure.

Historia ndefu za falme na koo, ambazo waandishi huzipenda mno, zipunguze bila huruma isipokuwa pale mchezaji anapoweza kuzigundua mwenyewe. Idadi ya maadui irekebishwe kulingana na idadi ya wachezaji. Hilo si la kukuumiza kichwa. La thamani zaidi ni kumwondoa mhusika mmoja wa kitabuni, hasa yule anayeomba msaada, na mahali pake kumweka mtu anayefahamika katika maisha ya zamani ya mmojawapo wa wahusika wa wachezaji.

Kabla ya kufuta chochote, kifuatilie katika sura zinazofuata, kwa kuwa mlinzi asiye na maana katika sura ya pili huenda ndiye mwenye ufunguo katika sura ya tano. Mabadiliko yote yaandikwe kwenye karatasi moja, kila badiliko likiwa na namba ya ukurasa linalohusika nao, maana mchezo ukishapamba moto hutapata nafasi ya kupekua kitabu.