Kabla hujaomba muda kwenye hadubini ya elektroni Nairobi

Maabara yenye hadubini ya elektroni inayotumiwa kwa pamoja hupokea kila aina ya mgeni: mwanafunzi wa uzamili aliyetoka kampasi ya Chiromo na majani ya mchicha, mhandisi mwenye kipande cha saruji, daktari wa mifugo mwenye utumbo wa mbuzi ndani ya chupa. Anayesimamia mashine hana haja ya kushawishiwa kwamba mradi wako ni muhimu. Anataka kujua mambo mawili tu: unatafuta kuona nini, na je, ulichobeba kitaichafua chemba, yaani chumba cha sampuli ndani ya mashine? Maombi yanayokwama hukwama hapo, si kwenye barua ya mkuu wa idara.

Anza na ukubwa wa kitu chenyewe. Hadubini ya kawaida ya mwanga haitenganishi vitu vilivyokaribiana kupita takriban nanomita 200. Ikiwa kazi yako ni kuhesabu chavua au kutambua mayai ya minyoo, hiyo inakutosha, na kulipia elektroni ni kutupa pesa. Ukihitaji sura ya nje, kama vile vinyweleo vya jani, mpasuko wa chuma au magamba ya bawa la mbu, omba SEM, hadubini ya elektroni inayopitia uso wa sampuli. Ukihitaji kuingia ndani ya seli hadi kwenye utando wa mitokondria, au kuona virusi, omba TEM, ile inayopitisha elektroni katikati ya kipande chembamba. Kwa tishu, ujue mapema kwamba TEM ina maandalizi ya siku nyingi kwa saa chache za kutazama, kwa sababu tishu lazima izamishwe kwenye resini, resini igeuke ngumu, kisha ikatwe vipande vya unene wa nanomita 60 hadi 90 kwa kisu cha kioo au almasi. Wanaojaza “SEM/TEM” kwenye fomu wakitumaini maabara itawachagulia hurudishiwa fomu, na ni haki yao.

Vibali ndivyo huchelewa kuliko yote, kwa hiyo vitangulie. Utafiti nchini Kenya unahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, chini ya Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013. Leseni huombwa mtandaoni na hudumu mwaka mmoja, kisha huongezwa. Angalia isije ikaisha katikati ya foleni ya mashine. Tishu ya binadamu inadai kibali cha kamati ya maadili, na sampuli za wanyamapori hudai kibali cha mamlaka za wanyamapori. Ukipanga kupeleka sehemu ya sampuli ng’ambo kwa vipimo vya ziada, zungumza na NEMA, mamlaka ya mazingira, mapema, maana kanuni za 2006 kuhusu rasilimali za kijenetiki zinaihusu safari hiyo. Kwa vimelea vya magonjwa, andaa maelezo ya maandishi: viliuawa kwa kemikali gani, kwa kiwango gani, kwa muda gani. Usitegemee kusema “vimeshawekwa kwenye glutaraldehidi”, kemikali ya kuhifadhi tishu. Bakteria wenye spora ni wagumu. Glutaraldehidi ya asilimia 2 huhitaji kama saa 10 kuziua spora, na msimamizi mwangalifu atauliza.

Sasa sampuli, ambako ndiko kazi iliko. Ndani ya chemba kuna ombwe, yaani hewa imeondolewa. Maji yaliyobaki kwenye sampuli huchemka hapo hapo, seli hunywea, na mvuke huzuia mashine isifikie kiwango chake. Tishu laini huanza na glutaraldehidi ya asilimia 2.5 kwenye bafa (mchanganyiko unaodumisha pH) ya fosfeti ya 0.1 M, pH 7.2 hadi 7.4, ujazo wake ukiwa angalau mara kumi ya ujazo wa tishu. Kemikali hii hupenya polepole sana. Kipande kikubwa huhifadhika pembeni huku katikati kikioza, na hilo halionekani mpaka siku ya picha. Kwa TEM kata vipande visivyozidi milimita 1 kila upande. Kwa SEM milimita chache zinakubalika. Baada ya kuosha kwa bafa huja kemikali nyingine ya kuhifadhi, osmi tetroksaidi ya asilimia 1, ambayo mvuke wake huumiza macho na mapafu. Iache ifanyiwe ndani ya kabati la kuvuta hewa la maabara yenyewe, usijaribu kuibeba.

Kisha maji huondolewa kwa ethanoli: asilimia 30, 50, 70, 90, halafu 100 mara tatu, dakika 10 hadi 15 kila hatua. Chupa ya ethanoli safi iliyofunguliwa wiki kadhaa zilizopita, hasa msimu wa mvua za masika, si safi tena. Imeshanyonya unyevu wa hewa. Fungua mpya kwa hatua za mwisho. Wengi hulaumu mashine ya kukaushia kwa mikunjo iliyotokana na chupa hiyo. Ukaushaji wenyewe hutumia kaboni dioksidi iliyo kimiminika, iliyopashwa kupita nyuzi 31 chini ya mgandamizo wa takriban baa 74, ambapo mpaka wa kimiminika na gesi hupotea na tishu haivutwi na uso wa maji. Maabara ikiwa haina mashine hiyo au mtungi umekwisha, uliza kuhusu HMDS, kimiminika cha kukaushia kinachoachwa kivukize chenyewe chini ya kabati. Kwa wadudu na majani mengi inatosha. Mende wagumu hukauka hewani tu bila matata. Saruji usiichome kwa nyuzi 105 kama udongo, kwa kuwa joto hilo hubomoa etringaiti, fuwele zinazoundwa saruji inapokomaa, pengine ndiyo hasa uliyokuja kuitazama. Nyuzi 40 kwa muda mrefu ni salama zaidi.

Poda ndizo huogopwa zaidi. Nyunyiza kidogo sana juu ya utepe wa kaboni, kisha pulizia hewa kavu mpaka kisichoshika kiondoke. Poda yenye sumaku, kama chembe za oksidi ya chuma, itangaze kwenye fomu hata usipoulizwa: ikirukia lenzi, usafishaji wake ni wa fundi wa kampuni, na ankara yake hutaipenda. Shika kila kitu kwa kibano na glavu, kwani mafuta ya vidole hubadilika kuwa doa jeusi miale inapopita.

Sampuli isiyopitisha umeme hupakwa dhahabu ya nanomita 10 hivi, la sivyo picha huwaka nyeupe na kuyumba. Lakini ukitaka pia kupima elementi kwa EDS, kifaa kinachozitambua kwa eksirei zinazotoa, sema kabla haijapakwa. Mstari wa dhahabu, karibu keV 2.1 (kipimo cha nishati ya eksirei), umebanana na wa fosforasi ulio keV 2.0, na wa salfa uko jirani kwenye 2.3. Mtafiti wa mbolea anayepaka dhahabu kisha kutafuta fosforasi amejifungia mlango mwenyewe. Hapo hupakwa kaboni, ila basi kaboni yenyewe usiihesabu.

Njiani, tishu iliyohifadhiwa hukaa kwenye baridi ya nyuzi 4, kamwe isigande, kwa sababu fuwele za barafu hupasua seli. Chupa ya glutaraldehidi ifungwe ndani ya chombo cha pili, iwe kwenye bodaboda au kwenye matatu ya Thika Road. Sampuli zilizokauka ziende na silika jeli kwenye kopo lisilopitisha hewa.

Kuhusu ada, uliza kama inahesabiwa kwa saa au kwa sampuli, kama kupaka kunalipiwa kando, na kama nafuu ya wanafunzi inahitaji barua ya msimamizi wako. Hati ya LPO, yaani agizo la ununuzi, kutoka chuo huweza kuchukua wiki. Uliza pia umeme ukikatika ni hasara ya nani. UPS, betri ya akiba, huiokoa mashine isiumie, lakini ombwe likishapotea huenda zikapita saa nyingi kabla haijarudi hali ya kazi, na zamu yako imekwenda. Kwa mara ya kwanza usilete sampuli ishirini. Nne zilizoandaliwa vizuri, mojawapo ikiwa ya kulinganishia, zinajaza nusu siku.

Picha zichukue kwa TIFF pamoja na faili la vipimo vyake, si JPEG ya kutumiwa WhatsApp. Flashi nyingi hukataliwa kwa hofu ya virusi vya kompyuta, kwa hiyo ulizia seva au diski wanayoikubali. Andika namba chini ya kila stabu (kibebeo kidogo cha chuma cha sampuli) kwa kitu chenye ncha. Wino wa kalamu hufutika kwa ethanoli. Na ukubaliane tarehe ya kuzichukua, kwa kuwa kabati la maabara ni dogo na stabu zisizo na mwenyewe hukwanguliwa zikatumiwa na mwingine.