Kabla hujatoa hela ya projekta ya leza

Kazi yangu ni kufunga projekta na sauti majumbani, kuanzia Tabata mpaka Mbezi Beach, na karibu kila mteja huniuliza lile lile: hii ya leza ina thamani ya hela wanayoitaka? Boksi halitakujibu. Beba simu ya Android na futi ya kupimia, tafuta muuzaji anayekubali kuwasha mashine, utajua mwenyewe.

Anza na lumeni, yaani kipimo cha jumla ya mwanga ambao mashine inatoa. Pembeni ya namba lazima kuwe na neno ANSI au ISO 21118. Hivyo ni vipimo vya mwanga unaotoka kwenye lenzi kufika ukutani. Namba kubwa isiyo na jina la kipimo, mimi naihesabu kama haikuandikwa, maana mara nyingi wamepima mwanga wa chanzo mle ndani, kabla haujapita kwenye vioo na lenzi na kupungua njiani.

Sasa pima wewe. Weka kwenye simu programu ya bure ya kupima mwanga kwa laksi, yaani lumeni zinazoangukia kila mita ya mraba. Tupa ukurasa mweupe mtupu ukutani, picha iwe ya inchi 100, yaani upana mita 2.21 na kimo mita 1.25, eneo karibu mita za mraba 2.76. Igawe picha kwa macho vyumba tisa. Bandika mgongo wa simu ukutani katikati ya kila chumba, uso wake uielekee lenzi, nawe simama pembeni usiweke kivuli. Kihisi cha mwanga huwa juu ya kioo, jirani na kamera ya mbele, kwa hiyo kidole kisikifunike. Tafuta wastani wa namba tisa, uzidishe kwa eneo. Wastani ukiwa 420, mashine inatoa lumeni kama 1,160. Simu si chombo cha maabara, lakini ukipima mashine mbili kwa simu moja, utaona ipi inamzidi mwenzake na kwa kiasi gani. Gawanya bei ya kila moja kwa lumeni ulizopima, na mazungumzo ya bei yatabadilika hapo hapo dukani.

Wastani huo wa laksi ukiugawa kwa 3.14 unapata mng'ao wa picha kwenye ukuta mweupe usio na kung'aa. Kwa 420 unapata kama niti 134, niti ikiwa ndiyo kipimo cha mng'ao huo. Kiwango cha kumbi za sinema ni niti 48, kwa hiyo usiku, taa zikiwa zimezimwa, hiyo inatosha na kubaki.

Mchana ni habari nyingine. Sebule zetu nyingi zina dari nyeupe ya jipsamu, vigae vyeupe na mapazia mepesi. Zima projekta saa kumi jioni, pima tena ukuta ule ule. Ukikuta laksi 40, basi ukiwasha, sehemu nyeupe itaizidi nyeusi kwa mara 11 au 12 tu, hata boksi liwe limeandikwa kontrasti (tofauti ya nyeupe na nyeusi) ya 1,000,000:1. Ndiyo maana wengine nawashauri waweke mapazia mazito kwanza, na anayetaka kutazama mpira mchana madirisha wazi, namwambia anunue televisheni.

Hakikisha pia umepima kwenye modi ya picha utakayotumia. Modi yenye mwanga mkali kuliko zote kwa kawaida inavuta kijani, nyasi zinakuwa za ajabu na nyuso zinaonekana kama za wagonjwa. Ukirudi kwenye modi ya sinema mwanga unashuka, na huo ndio mwanga unaoununua.

Kuhusu rangi, kipimo changu ni mechi ya Simba na Yanga. Projekta nyingi za leza zina leza ya bluu inayopiga fosfori ya njano (kemikali inayogeuza mwanga wa bluu kuwa wa njano), na nyekundu ndiyo udhaifu wake: jezi ya Simba inaelekea chungwa au inafifia. Zenye leza tatu, nyekundu, kijani na bluu, zinaitoa jezi hiyo kwa uzito wake, ila baadhi zinaonyesha chembechembe zinazometameta kwenye eneo la rangi moja. Sogea karibu utazame. Kwenye mashine za DLP (zinazotengeneza picha kwa vioo vidogo mno kwenye chipu) zenye chipu moja, peleka macho haraka huku na huku juu ya maandishi meupe yenye nyuma nyeusi; kuna watu wanaona mistari ya upinde wa mvua. Mlete na mama watoto, kwa sababu macho yako yanaweza yasione anachokiona yeye.

Jambo ninalolijali kuliko yote ni nyuso zetu gizani. Weka tamthilia yenye watu weusi wanaoongea usiku, washa na maandishi ya chini. Mashine dhaifu inameza shavu na paji, unabaki na macho na meno. Maandishi yanahitajika kwa sababu skrini ikiwa nyeusi tupu leza inaweza kujizima, ukadhani umeona weusi wa kweli.

Ubora wa 4K upitie haraka: "inapokea 4K" maana yake inakubali mawimbi hayo, picha yenyewe inaweza kuwa ya mistari 720 tu badala ya 2160. Fungua ukurasa wa herufi ndogo, usome kingo zake.

Thamani ya leza iko kwenye saa inazodumu ikifanya kazi. Nyingi huandikiwa saa 20,000 kabla mwanga haujashuka nusu. Kwa saa nne kwa siku ni zaidi ya miaka 13. Lakini leza haibadilishwi kirahisi kama taa, kwa hiyo kinachoiua mapema ndicho cha kukizuia. Hapa Dar ni joto, vumbi na umeme. Ukomo wa joto mara nyingi ni nyuzi 35 au 40, na hewa ya juu karibu na dari Januari inakaribia hapo, basi acha nafasi matundu yapumue. Safisha chujio, hasa ukiwa Kigamboni karibu na chumvi ya bahari. Weka stabilaiza inayochelewesha umeme unaporudi. Usiifunge karibu na feni ya dari, picha itatikisika.

Ile projekta ya kuwekwa chini, karibu kabisa na ukuta, inataka skrini yake maalumu, kwani mwanga wake unapita sambamba na plasta na kuonyesha kila bonde la fundi ujenzi.

Ukiridhika, dai risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi), na namba ya mashine iandikwe kwenye karatasi ya waranti ukiwa bado dukani.