Kabla Hujasema "Ni Kweli" Mbele ya Hakimu

Kama umeshtakiwa na unakwenda mahakamani, ya kawaida niyamalize haraka. Fika mapema, vaa nguo ya heshima, zima simu, beba kitambulisho. Mdhamini aje na barua ya serikali ya mtaa yenye muhuri, si ahadi kwamba mwenyekiti ataipiga muhuri mchana. Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, hakuna anayemsubiri aliyekwama Jangwani kwa mvua.

Omba uisome hati ya mashtaka kabla hujaitwa. Angalia jina la kosa, tarehe na kiasi cha pesa. Tangu 2021 lugha ya mahakama hapa Tanzania kisheria ni Kiswahili, ila Kiswahili cha hati si cha kijiweni. Neno usilolielewa uliza, hata mara tatu.

Sasa hili la kukiri, nisikilize vizuri. Mdogo wangu ni fundi wa kuchomelea, Tandika. Alichukua laki nane za mtu atengeneze geti, akanunua mabomba, halafu mashine ikaungua na pesa iliyobaki ikaishia kwenye mashine. Mteja akachoka kupigwa kalenda, akaenda polisi. Kosa likaandikwa kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu. Mahabusu akakutana na mjuaji (hawakosekani) akamwambia: kiri yaishe, utapigwa faini, jioni unakula kwenu.

Akasomewa shtaka, akaulizwa ni kweli au si kweli. "Ni kweli." Kichwani mwake alikuwa anakubali kwamba laki nane alizipokea. Kilichoandikwa ni kwamba amekiri utapeli.

Hata hapo alikuwa hajafungwa mlango. Ukikiri, mwendesha mashtaka husoma maelezo ya kosa, kisha unaulizwa kama unayakubali. Ukikataa jambo la msingi, hakimu anapaswa kuandika kwamba umekana, na upande wa mashtaka ulete mashahidi. Maelezo ya mdogo wangu yalikuwa na maneno "huku akijua hana nia ya kutengeneza geti hilo". Mabomba yalikuwa yamelala uani kwetu! Risiti ya duka ninayo mpaka leo. Angesema tu "hapo sikubali". Yeye akasema yote ni sahihi, na alipoulizwa ana lipi la kusema ili apunguziwe adhabu, akanyamaza. Nusu saa haikufika: faini laki tano au jela mwaka mmoja, na mteja arudishiwe pesa yake.

Ilikuwa Ijumaa, nami mfukoni nina elfu sitini. Mpaka kikoba cha mama kikatoa pesa na namba ya malipo ikapatikana, ni Jumatatu. Kwa hiyo, kama ndugu yako ana mpango wa kukiri, pesa ya faini iwe mkononi asubuhi hiyo, na msitegemee faini kila mahali. Unyang'anyi wa kutumia silaha, kwa mfano, ni jela si chini ya miaka 30 hata ukikiri kwa machozi.

Tukakimbilia rufaa. Mwanasheria wa msaada wa kisheria akatupoza: aliyekiri mwenyewe kwa kawaida hukatia rufaa adhabu tu, si kuonekana na hatia. Mahakama Kuu ilishaeleza mwaka 1983 kwamba ipo nafasi pale kukiri kulipokuwa na utata, au mtu alipokiri kwa kutoelewa. Lakini mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu ya yaliyosemwa mahakamani, ulionyesha wazi "yote ni sahihi". Na kusudio la rufaa hutolewa ndani ya siku 10. Sisi tulikuwa tumezimaliza tukilaumiana. Sasa hivi mdogo wangu anatafuta kazi Oman, na wakala anamdai hati ya tabia njema ya polisi, naye ana hukumu ile.

Kuna pia makubaliano ya kukiri kosa, yaliyoingizwa kwenye sheria 2019. Hayo hufanywa na upande wa mashtaka kwa maandishi, na mahakama hujiridhisha kwamba hukulazimishwa. Yasomwe na wakili kabla hujasaini. Maneno ya korido, "kiri tu nitaongea na mheshimiwa", si makubaliano, hata aliyeyasema akiwa amevaa tai.

Mengine ni ya akili ya kawaida. Usikiri ukiwa na homa au hujala tangu jana. Usitie saini karatasi hujaisoma. Laki mbili za "kumalizia" usimpe mtu asiyekupa risiti. Nakala ya hukumu iombe mapema, na namba ya kesi iandike kwenye daftari, maana simu huibiwa.