Kupandanisha kunde ya shambani na kunde-mwitu

Mpwa wangu anasomea kilimo. Juzi alikuja kwangu Kisauni na ndoo zake za miche, nimwonyeshe kazi hii. Nayaandika kwa wengine wanaoitaka.

Kunde tunazopika kwa nazi zimepitia mikono ya wakulima waliochagua punje kubwa na maganda yasiyopasuka, na kila uchaguzi uliacha nyuma sehemu ya urithi. Sehemu hiyo bado imo kwenye kunde-mwitu. Zote mbili ni Vigna unguiculata, zina kromosomu 22, kwa hiyo hushikana. Jamaa yao Vigna vexillata, ingawa ana uwezo mzuri dhidi ya wadudu, hashikani na kunde. Usimpe msimu wako.

1. Mbegu za mwitu hulala. Kwaruza kila punje kwa wembe, upande wa nyuma ya jicho. Zipande kwa mafungu matatu, wiki moja moja, ili maua ya pande zote mbili yakutane. Panda kwa mvua za masika. Usiku wa joto la Februari na Machi huharibu chavua, ule unga wa kiume wa ua, na maua hupukutika.

2. Mama, yaani mmea utakaopokea chavua, awe kunde ya shambani.

3. Kuhasi ua, yaani kulitoa sehemu za kiume. Hapa nilipoteza msimu mzima. Nilikuwa nikihasi asubuhi, ua limeshafunguka, nikidhani nimewahi. Kumbe vifuko vya chavua hupasuka usiku, ua likiwa bado limefumba, na kunde hujichavusha yenyewe. Miche yangu yote ilitoka sura ya mama. Basi hasi jioni, saa kumi hadi kumi na mbili, kwenye tumba lililovimba litakalofunguka kesho. Lishike kwa vidole viwili na ufungue petali kubwa. Ndani utaona petali iliyopinda kama mkuku wa dau. Ipasue taratibu, uvute stameni zote kumi, zile nyuzi zenye vifuko vya chavua. Hesabu! Ikibaki moja, kazi imeharibika. Ukiona unga wa manjano, tupa tumba hilo. Tumia kibano chenye ncha kali. Mkasi hukata mtindi wa ua, yaani sehemu ya kike inayopokea chavua, pamoja na stameni. Kipanguse kwa spiriti kila unapohamia tumba jingine, na uondoe matumba mengine kwenye kikonyo hicho.

4. Alfajiri, kabla ya saa mbili, chuma ua la mwitu lililofunguka upake chavua yake kwenye ncha ya mtindi wa tumba ulilohasi jana jioni. Funga uzi wa rangi, andika tarehe.

5. Baada ya wiki tatu hivi ganda hukauka. Punje zitafanana na za mama kabisa. Usizitupe, maana ngozi ya mbegu ni ya mama. Ushahidi uko kwenye mmea utakaoota: ukiwa chotara, utazaa punje ndogo na maganda yatapasuka kama ya mwitu. Ndiyo sababu ya hatua ya pili. Yafunge maganda hayo kwa kitambaa chepesi kabla hayajakauka, kwani punje zikiruka huzipati tena, na ndizo za kizazi cha pili utakachoanza kuchagulia.