Namna ya kusoma kitabu kipya cha vita: anzia kwenye faharasa

Kitabu kipya cha historia ya vita kikinifikia, sianzi na ukurasa wa kwanza. Nakigeuza, nafungua faharasa ya nyuma na kutafuta maneno manne: njaa, mvua, mbung'o, wapagazi. Nafundisha historia hapa Songea, na wanafunzi wangu wanajua kuwa kitabu kilichojaza majina ya makapteni, wapagazi wakaachiwa mstari mmoja, nitakisoma kwa jicho kali. Sikitupi. Nakisoma nikijua kimewaacha akina nani.

Maneno hayo yana sababu. Katika Vita Kuu ya Kwanza huku kwetu, mbung'o, nzi wanaoeneza nagana kwa mifugo na malale kwa watu, waliua farasi na maksai, basi unga, risasi na hata vipande vya mizinga vikabebwa na watu. Makumi ya maelfu ya wapagazi hawakurudi makwao, na wengi waliuawa na maradhi na njaa kuliko risasi. Mwandishi asiyemtaja mdudu hawezi kukueleza kwa nini watu hao walikufa.

Baada ya hapo shika penseli. Pembeni ya kila tarehe andika msimu. Chukua vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani: vilianza pale Wamatumbi walipong'oa pamba kule Nandete Julai 1905. Hicho ni kiangazi, mavuno yako ghalani. Wajerumani walipoamua kuchoma maghala na mashamba, mvua za kupandia zilikuta watu wako maporini, hawana mbegu. Ukiandika misimu utaona mwenyewe jinsi njaa ilivyoendelea kuua hata pale bunduki ziliponyamaza. Hatua hii inachosha, lakini usiiruke. Ndiyo inayonifundisha zaidi kuliko zote.

Kisha zitazame hesabu za vifo. Kwa Maji Maji, upande wa Wajerumani umeandikwa hadi mtu wa mwisho: Wazungu 15, na Waafrika waliopigana chini yao 389. Kwa wenyeji, serikali ya kikoloni ilitoa makadirio ya 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa akakadiria kati ya 250,000 na 300,000. Kila ukikutana na tarakimu, jiulize nani alihesabu, na alifika kijiji gani kuhesabu. Mwandishi mzuri atakuonyesha pengo hilo waziwazi. Akikupa tarakimu moja tu bila maelezo, weka alama ya kuuliza.

Usisome kitabu kimoja peke yake. Kando ya kitabu cha Maji Maji mimi huweka utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini juu ya vita hivyo, na tunausoma kwa sauti, kwa zamu. Beti zina hofu na lawama ambazo ripoti ya ofisa haina. Na kama uko karibu, njoo Makumbusho ya Majimaji hapa mjini. Viongozi wa Wangoni walinyongwa tarehe 27 Februari 1906, na kila mwaka tunawakumbuka.

Vitabu vya wanyama na mapori visome kwa namna hiyohiyo. Pori la akiba la Selous, huku kusini, lilipewa jina la Mwingereza aliyeuawa vitani Beho Beho, Januari 1917. Sehemu kubwa yake tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Tembo wake ni fahari yetu. Lakini vita na njaa vilipunguza watu, vichaka vikarudi, mbung'o wakafuata, na miaka ya 1940 watu wa upande wa Liwale wakahamishwa. Ukisoma kwamba pori fulani halijawahi kuguswa na binadamu, tafuta ramani ya zamani ya mahali hapo kabla ya kufungua ukurasa unaofuata. Ikikosekana, chora yako: weka Ngarambe, Nandete, Liwale na Mahenge, halafu waulize wazee wa ukoo wenu walihama kutoka ng'ambo ipi ya mto, na mwaka gani wa njaa.