Kabla likizo ndefu haijageuka kampuni

Mitihani ya muhula wa pili ikikaribia kwenye vyuo vya Dar es Salaam kama Mlimani, Ardhi, DIT na IFM, matangazo ya programu za likizo huanza kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Wiki kumi au kumi na mbili, posho ya kujikimu, meza kwenye kituo atamizi, yaani kituo cha kulea biashara changa, walezi wa biashara, na mwishoni siku ya kusimama mbele ya wawekezaji. Nilipita kwenye programu ya namna hiyo nikiwa mwaka wa tatu, na tangu hapo nimekaa na makundi kadhaa ya wadogo zangu waliochaguliwa. Mwezi wa kwanza huwaponyoka karibu wote. Wazo lao huwa zuri tu. Kinachowala ni kufuatilia namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, barua ya idara na mabishano ya hisa, mambo ambayo yangeweza kumalizwa Mei.

Mtindo huu wa kuwachukua wanafunzi likizo ulipata nguvu Marekani mwaka 2005, Y Combinator, kampuni inayolea biashara changa, ilipofungua kundi lake la kwanza la kampuni nane huko Cambridge, Massachusetts. Steve Huffman na Alexis Ohanian, waliokuwa wakimalizia masomo Chuo Kikuu cha Virginia, walikwenda na wazo la kuagiza chakula kwa simu wakakataliwa. Kisha wakapigiwa simu kwamba watachukuliwa iwapo watakuja na wazo jingine, na wazo hilo jingine likawa Reddit, mtandao wa mijadala. Hapa kwetu watu wanaipenda hadithi hiyo, nami nadhani inafundisha jambo moja la kweli: wanaochagua huwapima watu kwanza, wazo baadaye. Lakini vijana wale walikuwa na msimu mtupu mbele yao. Likizo ya mwanafunzi wa Dar es Salaam ina wenyewe tayari.

Mwenye likizo wa kwanza ni fildi. Kwa kozi nyingi, uhandisi hasa, mafunzo ya vitendo huchukua karibu miezi miwili ya likizo hiyo hiyo na yana alama zake. Usisubiri uchaguliwe ndipo uulize. Nenda kwa mratibu wa fildi wa idara yako mapema, ukiwa na maelezo ya programu kwenye karatasi, umuulize kama kazi utakayoifanya kule inaweza kuhesabiwa, nani atasaini logibuku (daftari la kazi za kila siku za fildi), na msimamizi wa chuo atakuja kukukagua wapi. Wapo waratibu wanaokubali bila shida wakiona kuna msimamizi anayeeleweka. Akikataa, bora ujue wakati bado una muda wa kuamua. Mwenye likizo wa pili ni sapu, mtihani wa marudio. Kama una somo unalolitilia shaka, liambie kundi lako leo, maana sapu hufanyika kabla ya mwaka mpya wa masomo kuanza, na mwenzako asiyejua atadhani umemkimbia.

Sasa soko, na hapa naomba uvumilivu maana ndipo penye uzito. Kundi moja nililolisaidia lilitaka kutengeneza programu ya simu ya kuwaunganisha mama lishe na wauza ndizi. Walikuwa wanalala Mabibo Hosteli, soko la Mahakama ya Ndizi liko jirani kabisa, na bado walikuwa wameandika maelezo yote bila kukanyaga pale alfajiri. Katika michoro yao mteja anachagua mkungu, analipa kwa simu, analetewa. Tukaenda kabla jua halijatoka. Ndani ya saa moja wakaona kwamba mkungu hauna bei moja: unageuzwa, unahesabiwa vichana, unabishaniwa. Kubwa zaidi, wanunuzi wengi wa kudumu walikuwa wanachukua kwa mali kauli, wanauza, wanarudisha fedha jioni au kesho yake. Programu iliyodai malipo kwanza ilikuwa inawaomba watu waache mkopo usio na riba ambao wameujenga kwa miaka ya kuaminiana. Nani angekubali?

Hawakuliacha wazo. Waliligeuza. Wakaanza na daftari, wakawaomba wauzaji watatu wawaruhusu kuwaandikia nani amechukua nini na amerudisha lini, kisha jioni wanawatumia wadaiwa ujumbe wa kawaida wa simu kuwakumbusha. Hakuna programu iliyoandikwa. Muuzaji mmoja akaanza kuwalipa kidogo kila wiki kwa sababu madeni yalikuwa yanarudi. Walipoingia kwenye programu ya likizo Julai walikuwa na kitu ambacho wengi hawana hata siku ya mwisho: mtu mzima, mwenye akili zake, aliyetoa fedha mfukoni kwa kazi yao. Kwangu hicho ndicho kipimo cha kuwa tayari. Kabla hujajaza fomu, tafuta mtu mmoja asiye ndugu yako wala mwanafunzi mwenzako atakayelipa, hata kama ni elfu mbili.

Jambo la pili ninalolisisitiza ni maandishi kati yenu, na hili nalisema kwa uchungu. Sisi tulikuwa wanne, marafiki wa chumba kimoja. Tulikubaliana kwa mdomo kugawana sawa. Lipa namba ilisajiliwa kwa jina la mmoja wetu kwa sababu siku ile yeye ndiye aliyekuwa na kitambulisho mkononi, na jina la tovuti likanunuliwa kwa barua pepe yake. Mwezi wa pili akapata kazi, akaondoka. Hakuwa mtu mbaya, lakini mauzo yote yalikuwa yanaingia kwake, na robo ya kila kitu ilikuwa yake kwa ahadi yetu wenyewe. Tulimaliza likizo tukisuluhishwa na kaka zetu badala ya kuuza.

Kwa hiyo kaeni chini mkiwa bado mnapendana. Andikeni nani anafanya nini, nani ana hisa ngapi, na hisa hizo zinaiva vipi, yaani zinakuwa zake kabisa kidogo kidogo baada ya muda gani. Utaratibu wa kawaida duniani ni hisa kuiva kwa miaka minne, na anayeondoka kabla ya mwaka wa kwanza kwisha haondoki na kitu. Andikeni pia wapi mauzo yanaingia na nani wawili wanaona salio. Ukurasa mmoja wenye sahihi zenu unatosha kwa kuanzia. Na kama mmetumia maabara ya chuo au mradi wa mwaka wa mwisho, someni sera ya miliki bunifu ya chuo chenu kabla hamjamwahidi mwekezaji kwamba kila kitu ni chenu.

Karatasi za serikali zisiwatishe, ila zina mpangilio. Namba ya NIDA ndiyo mlango: bila hiyo hupati TIN, namba ya mlipakodi, kutoka TRA (mamlaka ya mapato), wala hufungui akaunti kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na kampuni. TIN hutolewa bure, kwa hiyo usimlipe mtu. Halafu amueni kati ya jina la biashara na kampuni. Jina la biashara ni jepesi na rahisi, lakini madeni yake ni yako mwenyewe. Kampuni ni mtu kisheria, inaweza kumiliki na kushtakiwa kwa jina lake, na ndiyo wawekezaji wanaotaka hisa watakayoihitaji. Lakini kampuni ikishasajiliwa inatakiwa kupeleka taarifa zake kila mwaka BRELA na ritani (taarifa za kodi) TRA hata kama haijauza kitu. Nimewaona vijana waliosajili ili wapige picha na cheti, kisha wakasahau, faini zikawafuata. Mimi ningesubiri mpaka mteja alipe au mkataba wa programu ulazimishe.

Leseni za biashara nyingi hutolewa na manispaa ulipo. Mlimani ni Ubungo, ofisi ikiwa Kijitonyama ni Kinondoni. Ukisindika chakula, tangu 2019 mwenye mamlaka ni TBS, shirika la viwango, na barua ya utambulisho ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, humsaidia mjasiriamali mdogo. Dawa na vifaa tiba ni TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Ukitaka kushika fedha za watu, Benki Kuu. Na kama mnakusanya majina na namba za simu za wateja, kama lile kundi la ndizi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu.

Mkataba wa programu yenyewe usomeni wote. Nyingine hutoa posho tu, nyingine hutoa fedha na kuchukua hisa. Ulizeni ni asilimia ngapi, na mtafanywa nini mkiacha katikati.

Fedha ya kuishi: bumu (fedha ya mkopo wa wanafunzi) la chakula na malazi halitoki likizo, na posho mara nyingi huchelewa, hivyo wekeni nauli na bando la mwezi wa kwanza. Ukienda kukaa kwa shangazi Kimara, mweleze mapema kwamba utatoka asubuhi na kurudi usiku, asije akadhani unazurura. Na wazazi wanaokusubiri nyumbani Mbeya au Bukoba kwa ajili ya shamba wapigie wewe mwenyewe, wasisikie kwa mdogo wako.

Bado kuna Oktoba au Novemba, masomo yakifunguliwa. Wekeni ratiba ya zamu sasa: Jumanne saa nne asubuhi, wote mkiwa lekcha na muuzaji wa Mahakama ya Ndizi akipiga kuuliza kwa nini ujumbe wa jana haukwenda, simu hiyo ataipokea nani?